Cheti cha Dawa Kimtambue Mzee

Katika Titye, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Kasulu na Kibondo, mzee mwenye shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya viungo hatibiwi mahali pamoja. Zahanati humpa dawa, hospitali humwongezea nyingine, na duka la dawa humuuzia za kutuliza maumivu. Kila mmoja hutenda kwa nia njema, lakini hakuna anayeziona dawa zote anazomeza.

Hatari iko hapo. Kadiri umri unavyosonga, figo hupungua nguvu na dawa nyingi hukawia kutoka mwilini. Diklofenaki yaweza kupandisha shinikizo la damu la mzee na kuziumiza figo zake, hasa akiwa anatumia pia dawa za kuongeza mkojo. Glibenklamidi ya kisukari yaweza kushusha sukari mno, mzee akazirai shambani kwa kuwa hakula asubuhi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeonya kwamba dawa hiyo haiwafai waliozidi miaka 60. Na miaka 60 ndiyo ambayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliihesabu kuwa mwanzo wa uzee.

Serikali imekuwa ikieneza katika vituo vya umma mfumo wa kompyuta uitwao GoTHoMIS. Ni jambo jema, kwani mwandiko usiosomeka umepoteza wengi. Hata hivyo, kompyuta hukumbuka kile tu ilichoandikiwa. Dawa iliyonunuliwa dukani haimo, wala mitishamba ya nyumbani. Tena wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Umri ukiandikwa kwa kubahatisha, hakuna onyo litakalotokea mahali panapostahili.

Kwa hiyo yafaa mambo matatu yatimizwe. Kwanza, umri wa mzee uulizwe kwa makini, na mfumo umwonye tabibu kila anapoandika dawa isiyomfaa mtu wa umri huo. Pili, mzee aondoke na karatasi ya Kiswahili yenye jina halisi la dawa, si la kibiashara tu, pamoja na kiasi, saa za kumeza na sababu ya kupewa. Tatu, karatasi hiyo ioneshwe kila aendako, dukani na kwa mganga wa jadi pia.

Sisi jamaa nasi tunao wajibu. Mjukuu ajuaye kusoma na amsomee bibi yake, na siku ya kliniki dawa zote zilizomo nyumbani zipelekwe. Mtu asiache dawa kwa hofu kabla ya kumwuliza tabibu.

Tumezoea kudai mzee asiyejiweza atibiwe bila malipo, na dai hilo ni la haki. Lakini haki hiyo haijakamilika ikiwa dawa aliyopewa bure ndiyo inayomwangusha. Wajumbe wa kamati za zahanati hawana budi kulifikisha jambo hili katika vikao vyao.