UKURASA WA NYUMBA: Tuoshe motokari, vumbi la shimo lisifike kwa watoto



Mwezi huu tuongee juu ya motokari. Si ya tajiri tu. Tunaongea juu ya ile Toyota ya zamani yenye inapeleka papa ku kazi asubuhi, inarudisha watoto wa masomo, na siku ya posho inabeba unga na makala. Motokari ya namna hii inafanya kazi mingi, lakini mara mingi inasafishwa vibaya. Kuisafisha vibaya kunaharibu vitu viwili: rangi ya motokari, na afya ya wale wanaokaa ndani.

Munajua vumbi la kwetu. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni karibu kilometa 300, na malori ya mashimo yanapita mchana na usiku. Mvua ikikatika karibu na mwezi wa tano, barabara za udongo zinageuka unga mpaka mvua irudi karibu na mwezi wa kumi. Na vumbi hilo si udongo tu. Karibu na mashimo na uzini linabeba shaba na kobalti, na madini mengine vilevile.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, kule Ubelgiji, walitangaza kazi waliyofanya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambamo watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Katika mkojo na damu ya watu wa pale walikuta kobalti mingi sana kupita ya watu wa mtaa wa jirani usiochimbwa. Tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto. Sababu yake si ngumu kuelewa: mtoto anacheza chini, anagusa kila kitu, kisha anaingiza vidole kinywani.

Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Lubumbashi ulitangazwa. Ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa na kilema, mara nyingi kuliko watoto wengine, baba zao walikuwa watu wa kazi ya madini. Hapana kuogopa bure: haisemi kama kila mtoto wa mchimbaji atazaliwa na kilema. Lakini inatufundisha kutokubali vumbi la kazi liingie nyumbani. Na mlango mmoja wa vumbi hilo ni motokari. Papa anapanda na viatu vya shimo na nguo za kazi, vumbi linabaki ku kiti na ku tapi. Kesho mtoto anakaa pale pale na mkate mkononi.

VYOMBO VYA KUTAYARISHA

Hapana lazima ya kununua vitu vya bei kali. Tafuta hivi:

– Ndoo mbili. Moja ya maji ya sabuni, moja ya maji safi ya kusuuza kitambaa.
– Bidoni tatu za maji, kila moja litre 20. Kwa motokari ndogo zinatosha. Bomba likiachwa wazi linaweza kumwaga litre 10 na zaidi kwa dakika moja. Hesabu mwenyewe, kisha kumbuka mama anayetoka na bidoni kichwani.
– Kopo la kunyunyizia bustani, kwa kulowesha vumbi.
– Vitambaa laini vya pamba, kama fulana za zamani zisizo na vifungo. Vile vya mikrofaiba vinavyouzwa sasa ni vizuri zaidi. Vigawe: vya juu, vya magurudumu, vya ndani. Visichanganyike.
– Sabuni laini ya motokari. Unga wa kufulia nguo ni mkali, unaondoa nta yenye inalinda rangi.
– Brosi ya magurudumu, na glavu za mpira.

KUOSHA INJE

Kwanza, weka motokari kwenye kivuli na ngoja bati ipoe. Ukiosha juani, sabuni inakauka mbele ya kuisuuza na inaacha alama.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapoharibu: usipanguse vumbi kavu kwa kitambaa. Vumbi ni mawe madogo sana. Ukilisugua ku rangi unafanya kazi ya msasa. Lowesha motokari yote kwa kopo, kuanzia juu, ngoja kidogo, lowesha tena. Vumbi lenyewe lishuke kwanza.

Tatu, chovya kitambaa katika ndoo ya sabuni na anza ku paa. Kisha vioo, kisha kifuniko cha motere, kisha milango. Sehemu ya chini ni ya mwisho, maana ndiyo yenye matope na mchanga. Kila kipande ukimaliza, suuza kitambaa katika ndoo ya pili mbele ya kukirudisha katika sabuni. Kitambaa kikianguka chini, kiweke pembeni, twaa kingine.

Nne, magurudumu kwa brosi na kitambaa chake. Hapana kutumia mchanga wala nyuzi za chuma.

Tano, suuza yote kwa maji safi na kausha mara moja. Mahali penye maji ya kisima yana chokaa, matone yakijikausha yenyewe yanaacha madoa meupe.

Kama mavi ya ndege yameanguka ku rangi, usingoje siku ya posho. Weka kitambaa chenye maji juu yake mpaka yalainike, kisha ondoa polepole. Tone la asidi ya betri lioshwe palepale kwa maji mingi, ukivaa glavu. Na esansi si dawa ya kusafishia motokari: inaharibu rangi na mipira, na cheche moja tu inaweza kuwasha moto.

Ukiwa na uwezo, paka nta kila miezi mitatu. Nta nyingi za motokari zina karnauba, inayotoka katika majani ya mti fulani wa Brazil wa jamii ya minazi. Paka kidogo tu, kipande kwa kipande, kisha ng'arisha kwa kitambaa kikavu. Vumbi halishikani sana na rangi yenye nta, na kuosha kunakuwa rahisi.

KUSAFISHA NDANI

Hapa ndipo afya ya watoto iko. Watoto wakae mbali mpaka mumalize, na mwanamke mwenye mimba asipewe kazi hii.

Fungua milango yote. Toa tapi, zipeleke mbali na jiko na nguo zilizoanikwa. Usizipige fimbo zikiwa kavu: vumbi linapanda na wewe unalivuta. Zimwagie maji, zisugue kwa brosi, zianike.

Ndani, hapana kufagia kavu. Tumia kitambaa chenye maji kidogo: dashibodi, usukani, vishikio, viti, mikanda, na mahali pa miguu. Suuza kitambaa mara kwa mara na badilisha maji yakiwa meusi. Mashine ya kuvuta vumbi yenye filta mbaya inalirudisha vumbi dogo hewani. Kitambaa chenye maji kinashinda.

Wengine watasema: “Motokari ya kazi, leo unasafisha, kesho iko chafu tena. Faida iko wapi?” Faida iko. Inje inaweza kungoja mwisho wa juma. Ndani, dakika tano jioni zinatosha: kiti cha papa, usukani, na pale miguu inakaa. Na papa naye asaidie. Kama ku kazi kuna mahali pa kuoga na kubadilisha nguo, abadilishe pale. Kama hakuna, atandike shuka ya zamani ku kiti na kuweka viatu vya kazi katika mfuko uliofungwa. Nguo hizo na shuka hiyo zifuliwe peke yao, hapana pamoja na za mtoto.

MAJI MACHAFU YAENDE WAPI?

Si mtoni. Tunaona motokari zikiingizwa katika mto mpaka magurudumu, na mafuta yanateremka na maji. Mbele kidogo kuna mama anayefua na watoto wanaooga. Maji hayo yasiende pia karibu na kisima, wala ku bustani ya lengalenga na matembele. Osha mahali penye majani au changarawe, mbali na chakula na mbali na mahali pa kuchezea watoto. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni mbele ya kugusa chakula.

KWA VIJANA

Wengi wenu munasimama ku barabara na ndoo: “Papa, tukusafishie motokari?” Ni kazi ya heshima. Lakini mwenye ndoo moja na kitambaa kimoja anakwaruza motokari ya mtu, na yule mtu harudi. Mukiwa wawili ao watatu, changeni makuta munue ndoo ya pili, vitambaa vya kutosha na glavu. Mwambie mteja: “Hiki ni cha juu, hiki ni cha magurudumu, hiki ni cha ndani.” Ataona kama munajua kazi. Muulize bei mbele ya kuanza, na arudishiwe kila kitu mulichokuta chini ya viti, hata kama ni franga mia.

Basi, siku ya posho inakuja. Papa alete bidoni, kijana atwae vitambaa, na watoto wadogo wangoje barazani mpaka ndani kukauke. Mukae muzuri, tutaonana mwezi ujao.