Vinasaba vya Waswahili wa kale: Kompyuta imejibu swali gani?

SWALI la asili ya Waswahili limezua mabishano kwa zaidi ya karne moja. Wanahistoria wamelijadili, wanaisimu wamelijadili, na wanasiasa nao wamelitumia kila walipoona linawafaa. Mwezi Machi 2023 swali hilo lilipata mshiriki mpya mezani, naye ni kompyuta.

Mwezi huo jarida la kisayansi la Nature lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinasaba, au DNA kama vinavyojulikana na wengi, vya watu 80 waliozikwa katika miji sita ya pwani ya Afrika Mashariki kati ya mwaka 1250 na 1800, na katika mji mmoja wa bara baada ya mwaka 1650. Miongoni mwa maeneo hayo ni Mtwapa, Manda na Faza nchini Kenya, pamoja na Kilwa na Songo Mnara nchini Tanzania.

Kwa ufupi, watafiti walisema kwamba zaidi ya nusu ya vinasaba vya wengi wa wakazi hao wa pwani ilitoka kwa wahenga wa Kiafrika, hasa wanawake. Sehemu kubwa ya vilivyobaki ilitoka Asia, yaani Uajemi na India, na asilimia 80 hadi 90 ya sehemu hiyo ya Asia ilihusishwa na wanaume wa Kiajemi. Kuchanganyika huko kulikuwa kumeanza yapata mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 asili ya Kiarabu ikazidi kuongezeka.

Ni rahisi kila upande kuchukua kipande unachokipenda. Anayetaka kusikia kwamba ustaarabu wa pwani uliletwa na wageni atashika Uajemi. Anayetaka kusikia kwamba wageni hawakuwa na lolote atashika wale mama wa Kiafrika. Hoja ya makala haya ni kwamba wote wawili wanaisomea hesabu jambo isiyolisema. Kinachotolewa na kompyuta ni matokeo ya kulinganisha, na matokeo hayo hutegemea mifupa ya nani ilichukuliwa, ililinganishwa na nani, na nani aliuliza swali.

Jambo lenye historia chungu

Si jambo dogo. Ikumbukwe kwamba serikali za kikoloni ziliwagawa watu wa pwani kuwa wenyeji na wasio wenyeji, na mgawanyo huo uligusa kodi, ardhi na uwakilishi. Kudai asili ya ng'ambo kulikuwa na faida iliyoweza kuhesabiwa kwa fedha. Huko Zanzibar neno Shirazi liliingia hadi katika jina la chama, Afro-Shirazi, kilichoundwa mwaka 1957 na ambacho mwaka 1977 kiliungana na TANU kuwa CCM.

Wanaakiolojia wa enzi hizo nao walikuwa na mchango wao. James Kirkman, aliyechimba Gedi, na Neville Chittick, aliyechimba Kilwa, waliiona miji ya mawe kwa kiasi kikubwa kama kazi ya watu waliotoka ng'ambo ya bahari. Baadaye uchimbaji uliofanywa Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulionyesha kwamba watu waliishi hapo tangu karne ya 8, wakijenga kwa miti na udongo kabla ya mawe, na kwamba mji huo ulikua hatua kwa hatua kutoka ndani. Wanaisimu nao walikwisha kuonyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu, hata kama msamiati wake umekopa sana kutoka Kiarabu.

Kwa hiyo, vinasaba havikuja kujaza ukurasa mtupu. Viliukuta ubishi ukiwa na wenyewe.

Hesabu inafanywaje?

Mfupa uliolala karne kadhaa katika udongo wa joto na unyevu hauna tena vinasaba vizima. Kinachopatikana ni vipande vifupi sana, vilivyochanganyika na vinasaba vya bakteria wa udongoni. Taaluma inayoitwa bioinfomatiki, yaani matumizi ya kompyuta na takwimu katika kusoma habari za viumbe, ndiyo inayovipanga vipande hivyo na kutambua, kwa dalili za uharibifu kwenye ncha zake, kipi ni cha marehemu na kipi ni cha mtu aliyemgusa juzi.

Baada ya hapo programu husoma mamia ya maelfu ya nukta ambamo binadamu hutofautiana, na kuuliza: Je, mtu huyu anaweza kuelezwa kama mchanganyiko wa makundi gani, na kwa kiasi gani?

Kuhusu wakati, kanuni yake si ngumu. Mtoto wa kwanza wa ndoa ya Mwafrika na Mwajemi hurithi kromosomu nzima kutoka kila upande. Anapozaa yeye, kromosomu hizo hubadilishana vipande, na kila kizazi huvikata vipande hivyo kuwa vifupi zaidi. Kompyuta hupima urefu wa vipande na kukadiria idadi ya vizazi vilivyopita. Ndivyo ulivyopatikana mwaka 1000.

Kuhusu baba na mama, kuna njia tatu. Mitokondria hurithiwa kutoka kwa mama pekee, na kromosomu Y kutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume. Njia ya tatu ni kromosomu X, ambayo mwanamke anazo mbili na mwanamume anayo moja. Iwapo sehemu ya Kiafrika ni kubwa zaidi katika X kuliko katika kromosomu nyingine, basi Uafrika huo uliingia zaidi kupitia akina mama.

Yanayosemwa na yasiyosemwa

Matokeo haya yanakubaliana kwa sehemu na Tarihi ya Kilwa, simulizi ya kale inayotaja watu waliotoka Shiraz. Kwa miaka mingi baadhi ya wasomi waliiona habari hiyo kama hekaya ya kujitafutia utukufu. Sasa inaonekana waliohifadhi simulizi hiyo hawakuwa wakizua tu. Hilo ni funzo la kuheshimu kumbukumbu za wenyeji.

Lakini vinasaba havithibitishi kila kilichomo katika simulizi hiyo. Havitaji jina la mfalme wala havihesabu majahazi. Havisemi nani alijenga msikiti, nani alimiliki mtumbwi, wala ndoa zile zilifungwa kwa ridhaa au kwa nguvu ya mali. Watafiti wenyewe wanaona dalili za wafanyabiashara waliooa katika familia za wenyeji zenye uwezo, na watoto waliokua wakisema lugha ya mama zao. Ni tafsiri yenye mashiko, lakini ni tafsiri inayotegemea akiolojia na lugha. Kompyuta peke yake isingeifikia.

Aidha, tarehe inayotolewa na urefu wa vipande ni makadirio ya kati ya jambo lililochukua vizazi vingi. Shanga ilikuwa na wakazi tangu karne ya 8, takriban karne mbili kabla ya mwaka 1000. Anayesema vinasaba vimethibitisha kwamba miji ililetwa na Waajemi anapaswa kueleza miji hiyo ilikuwa ikiwasubiri nani.

Lipo pia suala la nani alizikwa wapi. Makaburi yanayodumu na kutambulika ni yale ya watu wenye hadhi, mengi yakiwa karibu na misikiti. Mvuvi, mkulima wa viungani na mtumwa hawakuacha kaburi la mawe. Watu 80 hawa ni mashahidi muhimu, lakini si pwani nzima. Utafiti huohuo unaeleza kwamba mwingiliano wa baadaye na watu wa Asia na wa Afrika umezidi kubadili asili ya wakazi wa leo wa pwani. Hivyo, si halali kuchukua asilimia za marehemu wa Mtwapa na kumbandika nazo Mswahili wa leo wa Mombasa au Bagamoyo.

Tatizo la kapu la kulinganishia

Hapa ndipo ulipo uzito wa jambo lenyewe. Programu inaposema "Uajemi", haikuenda Uajemi wa karne ya 10. Ililinganisha na watu ambao vinasaba vyao vimo katika kumbukumbu zake, ikachagua wanaofanana zaidi. Jamii isiyomo katika kapu haiwezi kuchaguliwa. Kwa Afrika, kapu hilo bado lina matundu mengi.

Kasoro hiyo haiishii kwenye historia, kwa sababu mantiki hiyohiyo ya kulinganisha ndiyo inayotumika hospitalini. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba, hadi mwaka 2018, asilimia 78 ya watu walioshirikishwa katika tafiti kubwa za kuhusisha vinasaba na maradhi walikuwa wa asili ya Ulaya, na asilimia 2 tu walikuwa wa asili ya Afrika. Matokeo yake ni kwamba alama za kukadiria hatari ya maradhi kwa kutumia vinasaba zilionekana kuwa na usahihi pungufu kwa takriban mara 4.5 kwa watu wa asili ya Afrika kuliko kwa Wazungu.

Mwaka 2020 watafiti, wengi wao Waafrika, waliposoma vinasaba vya watu 426 kutoka jamii 50 za bara hili, walikuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimewahi kurekodiwa. Watu 426 tu, katika bara la zaidi ya watu bilioni moja! Ni wazi kwamba kilichokosekana ni nia na fedha za kwenda kutazama.

Nini kifanyike?

Si haki kusema kwamba Waafrika hawakuwamo katika utafiti wa pwani. Miongoni mwa walioongoza alikuwamo mwanaakiolojia Chapurukha Kusimba, mzaliwa wa Kenya, ambaye amechimba pwani hiyo kwa miaka mingi. Hata hivyo, maabara kuu ya vinasaba ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mifupa ni yetu, lakini mashine ziko kwa wenzetu.

Mwanzo mzuri upo. Mpango wa H3Africa, ulioendeshwa kati ya mwaka 2012 na 2022, uliacha mtandao wa wataalamu wa bioinfomatiki katika nchi mbalimbali. Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopo Kilifi, kaunti hiyohiyo yalipo magofu ya Mtwapa, kinafundisha taaluma hiyo katika ushirikiano unaozihusisha pia Muhimbili na Makerere. Kijana anayehitimu hapo akikosa kompyuta yenye nguvu, umeme wa uhakika na mshahara, ataifanya kazi hiyohiyo Boston, akijibu maswali ya Boston.

La pili ni ridhaa. Wasan wa Afrika Kusini walitangaza mwaka 2017 kanuni zao za maadili, wakiwataka watafiti waje kwa heshima, ukweli, haki na kujali. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Sheria hizo zinamtazama mtu aliye hai. Kuhusu mifupa ya wazee waliozikwa kwa sala, bado jamii za Lamu, Kilwa na Lindi zinastahili kuulizwa kabla ya kaburi kufunguliwa, na kurudishiwa majibu kwa lugha yao baada ya hesabu kukamilika.

Utafiti mwingine utakuja, kwa kuwa makaburi yapo na mashine zinazidi kuwa nafuu. Kabla haujafika, makumbusho ya taifa na vyuo vikuu vyetu vina wajibu wa kuamua mapema sampuli zitasomwa wapi, vijana gani watafundishwa kuzisoma, na nakala ya takwimu itabaki kwa nani. Asipofanya hivyo mwenye kaburi, atasomewa habari za babu yake kama msikilizaji tu.