Mwanza hadi Bukoba: Dakika Zinapotelea Ardhini

Kwenye ramani, uwanja wa ndege wa Mwanza na ule wa Bukoba vimeachana kwa takriban kilomita 175, sehemu kubwa ikiwa ni maji ya Ziwa Victoria. Ndege ya pangaboi ikienda kilomita 500 kwa saa ingeumaliza umbali huo kwa dakika 21. Lakini ndege haianzi na mwendo huo wala haitui nao. Ikishapaa, ikazunguka na kushuka, safari hukaribia dakika 45, na bado abiria hajahesabu foleni ya ukaguzi wala barabara ya kutoka mjini Mwanza hadi uwanjani.

Hayo yanavumilika. Tatizo kubwa ni anga ya Bukoba.

Usiku, upepo wa nchi kavu kutoka kila upande hukutana katikati ya ziwa, ukainua hewa yenye unyevu na kuzaa mawingu ya radi. Ikikaribia asubuhi, upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo hadi mwambao wa mkoa wa Kagera, uliko mji wa Bukoba. Ndiyo maana Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na ndiyo maana ndege ya asubuhi ndiyo yenye mashaka. Uwanja nao umebanwa: upande mmoja ziwa, upande mwingine vilima. Novemba 6, 2022, ATR 42 ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka majini karibu kabisa na njia ya kurukia. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki. Wavuvi wenye mitumbwi ndio waliotangulia kufika kuokoa.

Kwa miaka mingi umezungumzwa mpango wa kujenga uwanja mpya Omukajunguti, wilayani Missenyi. Wanaousitia wana hoja nzito. Uwanja wa sasa uko mjini kabisa. Abiria akishuka, bodaboda humfikisha sokoni upesi. Kumpeleka Missenyi ni kumwongezea mwendo wa barabara unaoweza kuzidi muda wote aliokaa angani.

Hata hivyo, hoja hiyo inamhesabia msafiri siku njema peke yake. Mgonjwa anayesubiri ndege Bukoba ili awahi Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, au mfanyabiashara mwenye miadi, huumia zaidi pale rubani anaposhindwa kutua na kurudi Mwanza. Mwendo wa nyongeza barabarani unaweza kupangiwa. Siku iliyopotea haipangiki. Uwanja wenye nafasi pana ya kutulia unastahili bei hiyo, na hadi ujengwe, vifaa vya hali ya hewa na vya kuongozea ndege pale Bukoba visisubiri.

Isitoshe, ndege sasa ina washindani. Meli hung'oa nanga Mwanza jioni na kufika Bukoba asubuhi, abiria akiwa amelala. Barabarani, Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, lililozinduliwa Juni 2025, limeondoa kusubiri kivuko, ingawa safari ya basi bado hula sehemu kubwa ya siku.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ianze kutangaza kila mwezi ni ndege ngapi za Bukoba zilitua kwa wakati, ngapi zilichelewa na ngapi ziligeuza. Wana-Kagera wapewe takwimu hizo kabla ya kuulizwa uwanja wao uwe wapi.