Dongodongo si Chakula cha Aibu

Nilialikwa kwenye karamu ya arusi moja hapa Kasongo. Mezani paliwekwa wali mweupe, spageti, mikate na soda. Sufuria ya dongodongo ilibaki nyuma ya nyumba, kwa wamama wapishi. Nikauliza sababu. Kijana mmoja mwenye diploma akacheka: «Baba, ile kitu inavutika kama kamasi, wageni watatuona washamba.»

Kijana huyo amesoma, lakini hajui anachokidharau. Ule ute ni sukari nyingi zilizofungamana kama mnyororo. Wataalamu wanaziita polisakaridi. Wanga wa muhogo nao ni wa jamii hiyo, na nyuzinyuzi za sombe vilevile. Wanga unavunjwa tumboni, unatupa nguvu ya kulima. Ute na nyuzinyuzi havivunjwi hivyo: vinachelewesha sukari kuingia damuni, vinalainisha choo, tena vinalisha vijidudu vyema vya utumbo mpana. Na jikoni je? Ute unafanya mchuzi uwe mzito bila unga, na tonge la bugali linashuka lenyewe.

Msiseme haya ni maneno ya vikongwe tu. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Kampala mpaka miaka ya 1960, alilinganisha magonjwa ya Waafrika na ya Wazungu. Mwaka 1975, yeye na Hugh Trowell, aliyekuwa pia daktari Uganda, walitoa kitabu kizima kulaumu vyakula vilivyokobolewa mno. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtu mzima ale walau gramu 25 za nyuzinyuzi kila siku. Sisi tunazo shambani, tunazificha nyuma ya nyumba!

Wengine watajibu: hata mpunga uliletwa na Waungwana, desturi hubadilika. Ni kweli. Kasongo ilikuwa na mashamba ya mpunga kabla ya kutekwa na askari wa Leopold mwaka 1893. Lakini bibi zetu walipokea mpunga bila kutupa dongodongo, na mchele wa kinu ulibaki na pumba kidogo. Sisemi wamama warudi kutwanga. Kazi ile inavunja mgongo. Nasema mashini isikoboe mpaka punje ibaki nyeupe tupu.

Nawapinga pia wale wanaouza maji ya dongodongo kwenye chupa, eti yanaponyesha kisukari. Uongo mtupu! Mgonjwa aende hospitali, anywe dawa zake. Dongodongo ni chakula, si daktari. Na muhogo mchungu tuuloweke siku kadhaa kama wazee walivyotufundisha, maana una sumu.

Watu wa Kasongo na Kabambare, mtoto anajifunza aibu kwa kutazama meza ya wakubwa. Arusi ijayo, ile sufuria itoke nyuma ya nyumba, iwekwe katikati. Mgeni asiyeitaka, wali upo.