Wingi wa Watumiaji si Dhamana

Imeenea dhana miongoni mwetu, na hata miongoni mwa mafundi wa kompyuta ambao elimu yao ilipasa kuwahadharisha, kwamba programu itumiwayo na mamilioni ya watu na kuridhiwa na makampuni yenye majina makubwa imekwisha kukaguliwa na waliotangulia, na kwamba atakayeitia leo katika mtambo wake hana haja ya kuuliza. Naikataa dhana hii kabisa, maana ni ghururi.

Hapa Kojani, ambako riziki ni bahari na wavuvi wetu huenda dago miezi mingi, matumizi ya nyumbani huja kwa simu. Fedha ile, kabla haijamfikia mama anayengoja kulipa deni la unga dukani, aghalabu hupita katika programu za watu ambao mama huyo hajapata kuwasikia. Tarehe 3 Oktoba 2020, huko Uganda, hitilafu iliyotangazwa kwa pamoja na MTN, Airtel na benki ya Stanbic haikutokea kwao, bali kwa mtoa huduma wa tatu aliye baina yao. Na huduma za kuhamisha fedha kati ya benki na simu zikasimamishwa. Majina makubwa matatu hayakumfaa kitu mteja siku ile.

Mzee wa Kojani anunuaye mashua haridhiki kuambiwa kwamba fundi wake ni mashuhuri. Huingia mpaka kwenye ngama, akagonga ubao mmoja mmoja, akakwaruza kalafati kwa ukucha, akauliza misumari ni ya namna gani. Kwa nini mtambo uchukuao akiba za watu ukaguliwe kwa uchache kuliko chombo hicho?

Wataniambia kwamba programu huria husomwa na macho mengi. Basi nawarejesha Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alipoona kuingia kwa SSH, yaani njia ya kuingia kompyuta kutoka mbali, katika kompyuta yake kunachelewa kiasi cha nusu ya sekunde, akafuatilia, akagundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili iliyomo karibu katika kila mfumo wa Linux. Aliyeutia alijiita Jia Tan, naye kwa zaidi ya miaka miwili alijitolea kwa upole na bidii, hata mtunzaji aliyekuwa akiubeba mzigo wa programu ile karibu peke yake, bila ujira, akamwamini na kumpa madaraka. Tena sehemu mojawapo ya hila hiyo haikuwamo katika msimbo uliowekwa wazi, bali katika kifurushi kilichotolewa tayari kwa matumizi. Kwa hiyo hata msomaji mwaminifu asingeiona. Watumiaji walikuwa wengi mno, na kila mmoja alidhani mwenziwe amekwisha kukagua.

Na Desemba 2021, dosari ya Log4j, kipande cha programu kitumiwacho ndani ya programu nyingine, ilipopewa daraja la hatari la 10 kati ya 10, wengi walihangaika usiku na mchana kwa kutojua tu kama kipande kile kimo katika mitambo yao, kwa sababu kililetwa ndani ya kipande kingine.

Kukadiria hatari, basi, ni kuuliza: nani anakitunza kipande hiki, na wako wangapi? Kikiharibika, kitagusa nini, rangi ya ukurasa au fedha ya watu? Toleo jipya huingia lenyewe, au mpaka fundi aridhie? Nakiri kwamba hakuna ofisi ya Unguja wala Pemba iwezayo kusoma kila mstari. Lakini orodha yaweza kudaiwa, na kila ofisi inunuayo mfumo naisihi iidai kabla ya kutia sahihi: kila kipande kilichotengenezwa na wengine, toleo lake, na mtu atakayewajibika kwacho. Muuzaji asiyeweza kuitoa asipewe mkataba.