Mutoto Mugonjwa na Kiwanja cha Wengine

UKURASA WA JAMAA

Mwezi huu tuzungumuze juu ya adabu moja ambayo haifundishwi sana: namna ya kutenda wakati mutoto wetu ni mugonjwa na wenzake wako inje wanacheza.

Hapa Swima watoto wanacheza kila mahali. Wako pembeni ya ziwa pale mitumbwi inapofika, wako kwenye kiwanja cha mpira, wako chini ya miembe, na siku ya Mungu wanajaa mbele ya kanisa wakingoja Ekodim. Hakuna mulango, hakuna mulinzi. Kila mutoto anaingia, wa Swima na wa mugeni aliyelala jana. Ni jambo zuri, na tusilipoteze. Lakini mahali pasipo mulango, adabu ndiyo mulango.

Basi, mutoto ambaye mwili wake una moto, au ametoka madoa, au anahara, je, inafaa kumwachilia kati ya wengine? Majibu tunayoyasikia ni matatu. Mumoja anasema, "Mwache acheze, akiwa na wenzake atasahau ugonjwa." Wa pili anasema, "Nikimufungia nyumbani watu watasema kuko laana kwetu." Wa tatu anasema, "Nimwache na nani? Mimi naenda shamba." Tusiwacheke hawa wazazi. Kila jibu lina uchungu ndani yake, na tutarudi kwa kila moja.

KUKO MAGONJWA YANAYOSAFIRI

Neno la kwanza ni kutofautisha. Kuko magonjwa yanayotoka kwa mutoto mumoja kwenda kwa mwingine katika muchezo: surua, ile wengi wanaita rujole, tetekuwanga, kifaduro, kolera na kuhara kwingine, macho mekundu yenye usaha, upele, Mpox. Haya yanasafiri kwa hewa, kwa kikohozi, kwa mikono, kwa maji, kwa nguo.

Na kuko magonjwa yasiyosafiri hivyo. Kifafa hakiambukizi. Povu la mutoto aliyeanguka haliwezi kumupa mwenzake kifafa, hata likimugusa. Mutoto wa SS hampi mutu SS, alizaliwa nayo. Bwaki ni ukosefu wa chakula kizuri. Malaria inaletwa na umbu, si na kushikana mikono. Na mutoto mwenye virusi vya UKIMWI hawaambukizi wenzake kwa kucheza nao mpira, wala kwa kula nao sahani moja.

Sasa angalia tunachofanya. Mutoto wa kifafa tunamufukuza kiwanjani, naye hana hatari kwa mutu. Mutoto wa surua tunamwachilia, "ni surua tu, kila mutoto anaipata." Tumegeuza mambo juu chini. Adabu ya kweli inafungua mulango kwa yule wa kwanza, na inamupumuzisha nyumbani yule wa pili.

SURUA HAINGOJI MADOA

Wazazi wengi wanangoja kuona madoa ndipo wamuzuie mutoto. Hapo wamechelewa. Surua inaanza na mwili moto, kamasi, kikohozi na macho mekundu. Madoa yanakuja siku chache nyuma, kwanza usoni na nyuma ya masikio. Lakini mutoto anaanza kuambukiza karibu siku 4 mbele ya madoa kutokea, na anaendelea siku 4 nyuma yake. Akikohoa katika nyumba iliyofungwa, virusi vinaweza kukaa hewani mpaka saa mbili nzima, hata yeye akiisha kutoka. Kati ya watoto 10 wasio na kinga wanaokaa naye karibu, 9 wanaweza kuipata.

Nani hana kinga? Tazama wasichana wetu wanavyocheza. Mara nyingi mumoja amebeba mudogo wake mugongoni. Yule mudogo pengine ana miezi 5 au 6. Chanjo ya surua kwetu inaanza kutolewa kwa miezi 9. Yeye hakuchagua kuja kiwanjani, hawezi kukimbia, hawezi kusema. Mutoto mukubwa anayekohoa pengine atapona kwa juma moja. Lakini surua inaweza kumuletea yule wa mugongoni ugonjwa wa mapafu, kuhara kukali, upofu, hata kifo.

Mutu asiseme kwamba tunaogopesha watu. Katika mwaka wa 2019 nchi yetu ilikuwa na Ebola kule Kivu ya Kaskazini na Ituri, ikafika hata Mwenga katika Kivu ya Kusini. Ebola ile, tangu Agosti 2018 mpaka ilipotangazwa kuisha Juni 2020, iliua watu 2,287, na kila mutu aliiogopa. Mikono ilinawishwa, salamu zikabadilika. Lakini wakati uleule surua ilikuwa inapita katika nchi nzima. Mwanzoni mwa 2020 ilikuwa imeisha kuua watu zaidi ya 6,000, na wengi sana kati yao ni watoto wa chini ya miaka mitano. Hatukuiogopa, sababu tunaijua jina tangu zamani. Kujua jina la nyoka hakuondoi sumu yake.

Kwa hiyo sheria ya nyumba iwe hii: mutoto mwenye mwili moto haendi kiwanjani, hata kama hana doa moja. Pengine ni malaria tu. Lakini wewe hujui bado, na malaria yenyewe inataka kupimwa upesi. Mupeleke kwanza kwenye kituo cha afya, na ujue ni kitu gani.

SISI WATU WA MACHIMBO

Jamaa zetu zinatembea sana. Baba yuko Misisi kwenye dhahabu, mama yuko Swima, mukubwa anafanya biashara Baraka, na wakati wa vita wageni wanafika na watoto wao. Ugonjwa unapanda gari moja na sisi, au mutumbwi mumoja.

Tulijifunza hili kwa Mpox. Namna mupya ya ugonjwa huu ilianza kuonekana Kamituga, muji wa dhahabu katika Mwenga, mwezi wa Septemba 2023. Kwanza ilipita sana kati ya watu wakubwa, katika mambo ya mwili. Kisha ikaingia katika nyumba, kwa kitanda kimoja na nguo moja, mpaka kwa watoto. Ikavuka mipaka ya nchi, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Ulimwenguni likatangaza kwamba ni hatari kwa dunia yote. Tangazo lile liliondolewa Septemba 2025, lakini kuondoa tangazo si kuondoa ugonjwa.

Baba, kaka, ukirudi kutoka machimbo na vipele mwilini, furaha ya watoto kukurukia shingoni ni kubwa, tunajua. Lakini anza kwa muganga. Watoto watakungoja.

Na sisi wa ziwa, kolera ni jirani yetu wa siku nyingi. Nguo za mutoto anayehara zisifuliwe pale wengine wanapooga na kucheza. Choo cha mutoto mudogo ni uchafu kama cha mukubwa, na kinaleta ugonjwa vilevile. Maji ya kufulia yamwagwe chooni, mbali na ziwa.

YAIRO HAKUMUBEBA BINTI YAKE KATI YA WATU

Mumoja atauliza, "Muchungaji, Yesu aliwagusa wagonjwa. Kwa nini unatuambia kutenga?" Ni swali zuri. Soma Marko 5. Yairo alikuwa na binti mugonjwa sana, na kando ya ziwa kulikuwa na watu wengi wanaosongana. Hakumuleta mutoto katika musongano ule. Alimwacha nyumbani kwenye kitanda, akaenda yeye mwenyewe kutafuta musaada. Na Yesu alipofika katika nyumba ile aliwatoa watu wote inje, akaingia na wazazi na wanafunzi watatu tu. Kisha akaagiza mutoto apewe chakula. Soma tena Walawi 13: kuhani anamutazama mutu mwenye doa, anamuweka kando siku saba, anamutazama tena. Ni kungoja na kupima, kusudi mutu arudi kati ya wenzake.

Basi kumuweka mutoto nyumbani si kumutupa. Ubaya ni kumuweka nyumbani kisha sisi wenyewe kukimbia.

ADABU YA KILA MUTU

Muzazi wa mugonjwa: sema wazi. Usingoje watu wagundue. Tuma neno kwa jirani: "Mama, kwetu kuko surua, uzuie batoto kidogo." Maneno haya hayakuvunjii heshima. Anayeficha ndiye atakayelaumiwa kesho, mutoto wa mwingine akilala. Mupe mugonjwa maji mengi na chakula, musimunyime kwa sababu ya desturi. Ukiona surua, uliza kituoni juu ya vitamini A, inasaidia kulinda macho.

Jirani: usiseme laana, usiseme uchawi. Surua haiulizi nyumba ya nani. Yule mama anayesema "Nimwache na nani?" anasema kweli. Akikosa kwenda shamba siku tano, watakula nini? Kama tunamwomba abaki na mutoto, basi tumusaidie kubaki. Mumoja achote maji, mwingine alete bugali na ndagala mulangoni, mwingine achunge wale wazima. Kikundi cha wamama kinaweza kupanga zamu. Anayeingia ndani kusaidia awe mukubwa aliyekwisha kuugua surua au kupata chanjo, na anawe mikono akitoka.

Ukimwona mutoto mugonjwa kiwanjani, usipige kelele mbele ya watu. Mwendee mama pembeni: "Mama, ninaona mutoto ana moto. Twende naye nyumbani apumuzike, nitakusaidia mizigo." Neno moja, mukono mumoja wa musaada. Hapo hakuna ugomvi.

Walimu wa Ekodim: musimurudishe mutoto mugonjwa peke yake barabarani. Mumoja wenu amusindikize mpaka kwao. Na juma lile apite kumusalimia mulangoni, kusudi mutoto ajue kwamba nafasi yake iko.

Vijana: ninyi ndio wakubwa wa kiwanja. Munapopanga timu, munaona nani anakohoa, nani macho yake ni mekundu. Mumwambie kwa upole, "Leo pumuzika, ukipona utacheza." Na yule mwenzenu wa kifafa mumwite acheze. Akianguka, mumulaze kwa ubavu, muondoe mawe karibu naye, musitie kitu kinywani mwake, mukae naye mpaka aamke.

ATARUDI LINI?

Watoto wanauliza swali hili kila asubuhi, nasi tuwe na jibu:

Mwili moto peke yake: siku moja nzima bila moto, na bila dawa ya kuushusha.

Surua: siku 4 zipite tangu madoa yatokee.

Tetekuwanga: mpaka malengelenge yote yamekauka, mara nyingi juma moja.

Kuhara: siku mbili tangu kuhara kukome.

Kifaduro: siku 5 za dawa aliyoandika muganga, na bila dawa karibu majuma matatu.

Mpox: mpaka magaga yote yameanguka na ngozi mupya imeota, majuma 2 mpaka 4.

Katika jambo lolote, muganga akikupa siku zaidi, fuata za muganga. Na tazama karatasi ya chanjo ya kila mutoto wako, hata leo jioni. Kama wa miezi 9 hajapata ya surua, mupeleke. Ni ya bure. Jamaa zinazokaa ndani kwenye machimbo, mahali wachanjaji hawafiki mara nyingi, wasingoje kufuatwa. Wakishuka sokoni washuke na watoto na karatasi.

Siku mutoto atakaporudi kiwanjani, mumupokee kwa nguvu. Wengine wanaendelea kumukwepa majuma mengi, "yule alikuwa na madoa." Siku zikiisha, zimeisha. Mupeni mpira.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI

1. Katika nyumba yetu, nani anabaki na mutoto mugonjwa? Nani anamusaidia yule anayebaki?

2. Kuko mutoto tunayemufukuza katika muchezo ambaye ugonjwa wake hausafiri?

3. Karatasi za chanjo za watoto wetu ziko wapi?

Bwana awalinde ninyi na watoto wenu. Tukutane mwezi ujao.