ADABU YA UWANJA WA SHABAHA

Siku ya shabaha ndiyo siku ambayo kijana wa mgambo huingojea kuliko zote. Kwa majuma mengi amekwenda gwaride, amekimbia alfajiri, amefundishwa sheria na huduma ya kwanza, na bunduki ameibeba tupu kama mtu abebavyo mpini wa jembe. Siku hiyo anakabidhiwa risasi za kweli. Wengi hudhani kwamba hapo hupimwa jicho lake na mkono wake. Sisi twasema hupimwa kwanza adabu yake, na adabu ya wale wanaomfundisha. Na ya hawa wa pili ndiyo itutiayo wasiwasi zaidi.

Twaandika haya tukiwafikiria hasa ndugu zetu wa Kilosa. Wilaya ile ina watu wa bunduki wa namna nyingi. Wako mgambo wa vijijini, wako walinzi wa mashamba na maghala, wako askari wa uhifadhi wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na wako raia wenye leseni. Tena Kilosa ni wilaya yenye kumbukumbu nzito. Tarehe 8 Desemba 2000 watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Watoto waliokimbizwa migongoni mwa mama zao siku ile leo ni watu wazima, wana watoto wao. Mahali palipopatwa na msiba wa namna hiyo, mlio wa bunduki nyuma ya kilima si sauti ya kawaida. Mwanamke aliyeinama shambani hawezi kujua kwamba ni vijana wanaojifunza. Yeye huacha jembe, akawatafuta watoto wake.

Kwa hiyo adabu ya shabaha haianzii penye mstari wa wapigaji. Huanzia kijijini, siku kadhaa kabla risasi ya kwanza haijapigwa. Wazee wetu walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Na katika usemi huo mgambo si askari, ni tangazo la kuwaarifu watu wote. Basi mgambo anayekwenda kupiga risasi bila kuwatangazia majirani amelikana jina lake mwenyewe. Mtendaji wa kijiji na aarifiwe, wenyeviti wa vitongoji waarifiwe, ipigwe mbiu sokoni, msikitini na kanisani. Nao wafugaji wa Parakuyo na Twatwatwa wapelekewe habari na mtu asemaye lugha yao, kwa kuwa wao ndio wapitao maporini na ng'ombe saa ambazo mkulima yuko nyumbani. Bendera nyekundu iliyotundikwa juu ya mti ni ishara njema kwa ajuaye maana yake. Kwa asiyeambiwa ni kipande cha kitambaa.

Huenda mtu akasema kwamba tunakuza mambo, kwani uwanja una tuta la udongo nyuma ya mbao za shabaha. Ni kweli, na pasipo tuta hapafai hata kidogo. Lakini ndugu msomaji na ajue ni kitu gani kinachozuiwa na tuta hilo. Risasi ya bunduki ya namna ya AK, ambayo wengi huiita SMG, hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde. Urefu wa uwanja wa mpira huumaliza kwa kiasi cha sehemu ya saba ya sekunde moja. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, yaani nusu ya mwendo huo. Hivyo anayepigwa kwa mbali hapati hata onyo la mlio, risasi humfikia kwanza. Ikipita juu ya tuta yaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na bado ikaua. Kijana mmoja aliyeinua mtutu kidogo tu kwa mzaha amekwisha kuingia katika shamba la mtu asiyemwona.

Sasa tuje penye mstari. Sheria zenyewe ni chache, na mtu hahitaji shule kubwa kuzielewa. Mmarekani Jeff Cooper, askari wa zamani aliyefungua chuo chake cha shabaha huko Arizona mwaka 1976, alizieneza kwa mambo manne: kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, mtutu usielekezwe kwa kitu usichotaka kukiharibu, kidole kisiguse kifyatuo mpaka umekwisha kulenga, na ujue unachokipiga pamoja na kilicho nyuma yake. Wakufunzi wetu hufundisha hayo hayo. Lakini sheria yaweza kukaririwa na kijana asiyejua kuishi na mwenzake, na hapo ndipo taabu huanza.

Tutoe mfano mdogo ambao kila aliyewahi kulala kwenye mstari anaujua. Bunduki ikipigwa hutupa ganda la risasi upande wa kulia, nalo hutoka likiwa moto. Mara nyingine humwangukia mwenzako shingoni, likaingia ndani ya shati. Mtu huyo hushtuka, huruka, hugeuka kulitafuta. Na bunduki iko mkononi mwake, yenye risasi, nayo hugeuka pamoja naye. Kwa dakika ile mtutu umewapitia watu wote waliolala kwenye mstari. Aliyefundishwa adabu huvumilia kuungua, huiweka bunduki chini ikielekea mbele, ndipo ashughulike na shati lake. Naye mwenzake, ajuaye kwamba maganda yake huruka, husogea au huomba nafasi ipanuliwe kabla ya kuanza. Wapigaji wa mkono wa kushoto wana shida ya peke yao, kwani ganda hupita mbele ya uso wao. Tulisoma shuleni habari za wale 700 wa kabila la Benyamini, mashoto wote, walioweza kutupa jiwe kwa teo wakalenga unywele bila kukosa. Mtu wa namna hiyo asichekwe wala asilazimishwe kubadili mkono siku hiyo hiyo. Apewe mahali panapomfaa.

Jambo jingine ni bunduki isiyolia. Kijana amebonyeza kifyatuo, na kimya. Tamaa yake ya kwanza ni kuigeuza bunduki aitazame, au kumgeukia mkufunzi amwonyeshe. Na risasi iliyochelewa yaweza kulia baada ya sekunde kadhaa. Basi na akae vile vile, mtutu ukielekea shabaha, ainue mkono na angoje. Hapo mkufunzi ndiye amwendee. Mwanafunzi asimwendee mkufunzi.

Na lisiaminiwe neno la mtu yeyote asemaye kwamba bunduki ni tupu. Tarehe 21 Oktoba 2021, katika jimbo la New Mexico, Marekani, mpiga picha wa sinema aliuawa kazini na bastola iliyotangazwa mbele ya watu kuwa haina risasi ya kweli. Kila aliyeipokea alimwamini aliyetangulia. Mpe mwenzako bunduki ikiwa wazi, aone chemba kwa macho yake. Naye aipokeaye akague tena. Kukagua bunduki uliyopewa na rafiki, au na mkubwa wako, si kumdharau. Ni kama kuhesabu fedha mbele ya aliyekupa, jambo ambalo wafanyakazi wote walio karibu na sanduku la fedha hulijua, wala hakuna anayelikasirikia.

Tumefika kwa wakufunzi. Wako wengi walio walimu hasa, na nchi ina deni kwao. Lakini uko pia ukali unaosifiwa bure, ati ndio uaskari. Mkufunzi humtukana kijana aliyekosa shabaha, humwita majina, humfanya mzaha wa kikosi kizima. Na mwingine humpiga teke kijana aliyelala na bunduki yenye risasi. Twasema wazi kwamba tendo hilo si ukali, ni upumbavu. Ampigaye mtu aliye na kidole karibu na kifyatuo anautia mshtuko mkono ambao yeye mwenyewe aliuagiza utulie. Hata bila teke, hofu peke yake yatosha. Mwanafunzi anayemwogopa mwalimu kuliko anavyoiogopa bunduki hataulizwa akajibu kweli. Atasema amefahamu na hakufahamu. Atasema ametoa risasi zote na moja imesalia. Wasichana wanaojiunga na mgambo hupata sehemu kubwa ya mizaha hii, na hulazimika kunyamaza ili wasionekane dhaifu.

Mkufunzi asidhani kwamba cheo chamkinga. Agosti mwaka 2014, huko Arizona, msichana wa miaka 9 alipewa bunduki ndogo ya namna ya Uzi katika uwanja wa shabaha wa watalii. Alipiga kwanza risasi moja, kisha bunduki ikawekwa kupiga mfululizo. Ikamshinda nguvu, ikapanda juu ikielekea kushoto, na mwalimu wake aliyesimama ubavuni akapigwa kichwani, akafa. Hatumtaji ili tumlaumu marehemu. Twasema tu kwamba mwanafunzi aliyepewa kazi kubwa kuliko uwezo wake hana njia ya kujitetea isipokuwa kusema siwezi, na ni juu ya mwalimu kulifanya neno hilo liweze kusemwa.

Hapa tunafikia jambo tunalolitaka hasa. Katika uwanja wa shabaha kila mtu na awe na haki ya kusema acha. Kuruta wa siku ya kwanza, mpishi aliyeleta chai, mzee wa kijiji aliyekuja kutazama: yeyote aonaye mbuzi mbele ya mbao, au mtoto juu ya tuta, au mtutu unaogeuka, apaze sauti, na mstari wote unyamaze mara moja, pamoja na mkubwa wa uwanja. Sababu iulizwe baadaye. Na akionekana kuwa alikosea, kwamba kile alichodhani ni mtoto kilikuwa gogo, ashukuriwe mbele ya wote, wala asichekwe. Akichekwa leo, kesho yule amwonaye mtoto wa kweli atasita. Na kusita kwa sekunde moja, kwa mwendo ule wa risasi tulioutaja, ni mita 700.

Baadhi ya wakubwa watasema kwamba kumpa kuruta amri ya namna hiyo ni kuvunja nidhamu. Twawakumbusha Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliotolewa baada ya Guinea kuvamiwa Novemba 1970 na baada ya Idi Amin kuitwaa serikali ya Uganda Januari 1971. Mwongozo ule uliuweka ulinzi wa nchi mikononi mwa umma, na humo humo ukakemea kiburi cha kiongozi na dharau yake kwa anaowaongoza. Mambo hayo mawili hayakuwekwa pamoja kwa bahati. Umma wenye silaha unaoongozwa kwa matusi ni hatari kwa nafsi yake kabla haujawa hatari kwa adui. Mgambo walioitwa kwa maelfu katika vita vya Kagera vya miaka 1978 na 1979 walikwenda wakiwa raia, na wengi wao walirudi mashambani wakiwa raia.

Lipo bado jambo la kumaliza kazi. Desturi tuliyoirithi katika majeshi ni kwamba kabla ya kuondoka kila mpigaji hukaguliwa, na hutamka kwamba hana risasi wala ganda. Wengine huliona kuwa jambo la kupoteza wakati, jua limekwisha kupanda na gari inangoja. Lakini risasi iliyosahauliwa mfukoni huishia nyumbani, juu ya meza, penye watoto. Na kisichookotwa uwanjani huokotwa na mtu mwingine. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wakenya zaidi ya 200, Wasamburu na Wamaasai, walioumizwa au kufiwa kwa mabomu yaliyoachwa katika maeneo ya mazoezi ya kijeshi. Na kwetu, tarehe 8 Novemba 2017, watoto watano walikufa katika Shule ya Msingi Kihinga, wilaya ya Ngara, kwa bomu lililookotwa likadhaniwa ni chuma chakavu. Bomu lile halikutoka katika uwanja wa shabaha, lakini mkono ulioliokota ni mkono ule ule wa mtoto atafutaye shilingi mia kwa mnunuzi wa vyuma.

Tungependa kuona, katika mafunzo yajayo ya Kilosa, mkufunzi mkuu na mwenyekiti wa kijiji wakiongoza vijana wote katika mstari mmoja, bega kwa bega, kutoka walipolalia wapigaji mpaka nyuma ya tuta, macho chini, kila ganda likiokotwa na kuhesabiwa. Na bendera nyekundu ibaki juu mpaka hesabu itimie, hata kama jua litakuwa limekwisha kutua.